Dundu Sita Wenye Nukta Nyekundu

Mlinibana pale bombani juzi, mnacheka, mnaulizana ni nani kampaka Zamda rangi ya kucha, tena kidole kimoja tu, kile kidogo cha mwisho. Hawa akasema nimechumbiwa huko Ugogoni. Bibi yangu peke yake ndiye hakucheka. Alikitazama kidole, akanitazama usoni, akasema, "Si hina hiyo. Utatawadha vipi?"

Nikawajibu kila mtu nusunusu. Sasa nimekaa nawaandikia yote, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nyie mnanikatiza, na pale pa kuogopesha ndipo mtakapocheka zaidi. Msicheke. Mwenzenu niliogopa kweli.

Dada Upendo mnamkumbuka, yule mwanafunzi wa chuo kutoka Dodoma aliyelala kwetu Busi msimu wa mvua za mwaka jana, akitafuta dundu wa mavi. Wale wanaoviringisha kinyesi cha ng'ombe kama mpira, wakirudi kinyumenyume. Nyie mlimkimbia. Mimi nilimshikia dundu wake mkononi, akaniambia, "Zamda, wewe huna kinyaa." Tangu nizaliwe hakuna msomi aliyewahi kunisifu. Matokeo yangu ya kidato cha nne mnayajua. Basi aliponipigia simu kwamba nimfuate kwenye milima ya juu ya Kibakwe, nikawahesabu dundu pamoja naye, nilikubali kabla hajamaliza. Nilishajiona na daftari langu, watu wakiniita Zamda mtaalamu wa dundu. Sikumwambia kwamba naogopa mahali pa juu.

Kondoa hadi Dodoma

Basi lilipasua tairi kabla hatujafika mbali. Tairi la akiba nalo likawa halina upepo, tukakaa chini ya kivuli cha basi lenyewe, tukisogea kadiri jua linavyosogea. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kigogo mwenye ndoo ya mlenda mkavu uliosagwa. Tulipoanza kuzoeana akaniuliza ninakwenda kufanya nini.

"Kuhesabu dundu wa mavi, mama."

"Wa nini?"

"Wa mavi. Tunataka kujua chini mlimani wako wangapi, juu wako wangapi."

Akaivuta ndoo yake taratibu, akaipeleka upande wa pili, mbali na mikono yangu. Watu wakacheka mpaka kondakta akaja kuuliza kuna nini. Nikamwonyesha yule mama viganja vyangu, visafi, vimenawa kwa sabuni. Akaviangalia kwa makini kama daktari. Baadaye njaa ilipotukamata alinimegea kiazi chake kikuu, akasema neno ambalo wakati ule nililiona la kawaida:

"Ukifika kwa watu, salimia kwanza ndipo uchimbe. Mgeni anayeanza na jembe hapendwi."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Laiti ningelishika.

Mpwapwa: chupa nne

Dada Upendo alishatangulia mlimani. Akanipigia simu nikiwa Mpwapwa nasubiri gari: nimnunulie rangi za kucha, nne, kila moja ya aina yake, zinazoonekana kwa mbali. Ndivyo wanavyofanya. Unamnasa dundu kwenye kikopo ulichokifukia, unampaka nukta mgongoni, unamwachia. Ukimnasa tena mahali pengine, nukta inakwambia ametoka wapi.

Muuza duka akanitazama mtandio wangu, akanitazama chupa nilizochagua, nyeupe, bluu, njano na nyekundu.

"Hongera bi harusi. Lakini mbona rangi nne? Bwana harusi ameshindwa kuchagua?"

"Si za kwangu dada. Za dundu."

"Dundu ndiyo shoga yako?"

"Ni mdudu."

Alinirudishia chenji, akaninong'oneza, "Pole, mdogo wangu." Mpaka leo sijui alinipa pole ya nini.

Ile nyekundu niliichagua kwa kuipenda. Ilikuwa inang'aa kama pilipili iliyoiva. Nikasema hii tutawapaka wale wa juu kabisa, wakae nayo kileleni kama taji.

Kibakwe kwa lori la maharage

Magari ya abiria yalikuwa yameshaondoka, nikapata lori tupu linalokwenda kupakia maharage. Dereva, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu juani, alikuwa peke yake. Utingo wake alishikwa na homa akabaki nyumbani. Tulipoanza kupanda akanipa kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja, kizito kama mtoto.

"Leo utingo ni wewe, binti."

"Mimi, baba? Nifanye nini?"

"Nikisimama kwenye mlima, ruka, ukalitie gingi tairi la nyuma. Breki zinashika, usiogope. Ila zinapenda kusaidiwa."

Jamani. Upande wangu wa kushoto dirishani hakukuwa na ardhi. Kulikuwa na vilele vya miti, tena vilele vyenyewe viko chini yangu. Alisimama mara tatu ili injini ipoe, na mara zote tatu niliruka na gogo langu, nikiomba Mungu, nikasikia lori linarudi nyuma kidogo, kriii, halafu likalala juu ya gogo. Mara ya pili nilikaa chini barabarani hapohapo. Dereva akachungulia.

"Umekufa?"

"Bado, baba."

"Basi panda. Anayeogopa ndiye anayetia gingi vizuri. Yule wangu haogopi, ndiyo maana siku moja atatuua."

Kibakwe nilishuka nikiwa nimeshika lile gogo kifuani, mpaka akaniomba nimrudishie.

Kwenye ukungu

Kaka Yohana, mwenyeji aliyekuwa akituongoza, alinipokea pale, tukapanda kwa miguu. Nilimkuta Dada Upendo kwenye kibanda cha udongo katikati ya mlima, amekonda, ana furaha. Akanieleza kazi ilivyo. Vituo vinne: cha kwanza chini kwenye mashamba, cha pili kwenye miti, cha tatu kwenye vichaka vya baridi, cha nne juu kabisa kwenye malisho, ambako msimu wa mazao watu hulaza ng'ombe wao wakubwa ili wasile mahindi. Chini dundu walikuwa tele, wa kila umbo. Kadiri unavyopanda wanapungua. Kule juu walikuwepo wa aina moja tu tuliyoiona, weusi, wafupi, manyoya tumboni kama wamevaa sweta.

"Ninachotaka kujua," Dada Upendo aliniambia, "ni kama hawa wa juu wamefungiwa huko, au huwa wanashuka. Kama wamefungiwa, siku malisho yakiharibika wamekwisha. Hawana pa kwenda."

Maneno hayo yaliniingia. Nikawaza, viumbe wadogo hivi, wako peke yao juu ya mawingu, wala hawajui.

Kila asubuhi tulipanda kituo cha nne. Kufika huko unapita mgongo wa mlima, mwembamba kama ukuta, upana wa hatua tatu hivi, na ukungu pande zote. Yohana aliupita akipiga mluzi. Mimi niliupita nikiwa nimeshika mkanda wa begi lake, macho kwenye visigino vyake. Siku ya pili akaniuliza, "Wewe si ulisema kwenu Kondoa ni milimani?"

"Kwetu milima ina adabu," nikamjibu. "Ukianguka unakutana na shamba la mtu."

Akacheka, lakini tangu siku hiyo alipunguza mwendo. Wakati wa kula alitupikia ugali wa mtama na mlenda, na nyumba moja ya jirani ilikuwa ikimpa maziwa ya mgando atuletee.

Siku nane zikapita. Nukta nyeupe tulizikuta chini, njano na bluu katikati, nyekundu juu. Hakuna hata mmoja aliyehama kituo. Kila jioni Dada Upendo aliandika sifuri, akafunga daftari taratibu.

Zizi la Mama Ndahani

Siku ya tisa Yohana alikuja bila maziwa. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Kuna maneno huko chini."

Chini ya mlima, karibu na kituo cha kwanza, anakaa mjane mmoja, Mama Ndahani, na mtoto wake wa kiume aitwaye Ndahani, kijana mkubwa. Njia yetu ilikatiza nyuma ya zizi lao. Yohana akasema ndama wa mama yule hasimami, tumbo limejaa, hali kitu. Na alfajiri ile, wakisafisha zizi, wamekuta dundu sita weusi, kila mmoja ana tone la damu mgongoni. Hivyo ndivyo wanavyosema, tone la damu. Wamewatia kwenye kopo. Wamewasha moto. Wanamtafuta aliyewatuma.

Dada Upendo alisimama wima.

"Nyekundu? Zizini? Yohana, una uhakika ni nyekundu?"

Niliona uso wake una mambo mawili, hofu na furaha, yanasukumana. Sita wa nyekundu wako chini! Ndio aliokuwa akiwangoja siku zote zile.

Yohana akamkata. "Dada, nisikilize. Kwa jambo kama hili mtu hupigwa kwanza, maswali baadaye. Semeni hamjui. Hizo chupa zitumbukizeni chooni, tushuke kwa njia ya nyuma, gari la mchana tunalipata."

"Na wale dundu?" nikauliza.

"Watachomwa. Ni wadudu, Zamda."

Dada Upendo akakaa, akavaa viatu vyake. Kamba akaifunga ikafunguka. "Kazi ni yangu," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Wewe teremka na Yohana."

Nikawaza gari la mchana. Nikawaza bombani kwetu, nikawaza nyie. Halafu nikawaza ni nani aliyemshika kila mmoja wa wale sita kwa vidole viwili akampulizia mgongo ukauke. Nikachukua chupa nyekundu nikaiweka mfukoni. Yohana alitutazama, akatikisa kichwa, akatangulia. Kuteremka kule sikuiona hata njia.

Walikuwa watu kama kumi. Moto wa vijiti ulikuwa unawaka mbele ya zizi. Ndama amelala ubavu, macho yake yamefunguka, nzi wanatembea juu yake. Mama Ndahani alikuwa ameketi kwenye kigoda, kopo la maziwa ya unga miguuni. Mwanawe amesimama na fimbo.

"Mbukwenyi," Yohana akasalimu kwa Kigogo. Wakaitikia wachache.

"Shikamoo, mama," nikasema. Hakuitikia.

Ndahani akalitikisa kopo. Nilisikia miguu yao midogo inakwaruza bati. "Nani mwenye hawa?"

Dada Upendo alifungua kinywa, nikamtangulia.

"Ni wangu, kaka. Niliwapaka mimi, kwa mkono huu."

Fimbo iliinuka. Mama Ndahani akasema neno moja la Kigogo, ikashuka.

"Uliwatuma?"

"Hawatumiki, mama. Wangekuwa wanatumika ningewatuma wakanitekee maji."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mama Ndahani hakucheka. Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Siku tisa," akasema, "mnapita nyuma ya zizi langu. Nasikia viatu vyenu, nasikia mnacheka. Hamjasema hata mbukwenyi. Mtu mwema anapita nyuma ya nyumba ya mtu siku tisa kimya?"

Nikamkumbuka yule mama wa ndoo ya mlenda, nikaona aibu kuliko hofu. Dada Upendo akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Mama, tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukadhani imetosha. Tumekosa. Tusamehe."

"Hiyo tutaizungumza. Kwanza hii damu."

Nikatoa chupa. Wote wakarudi nyuma hatua moja. "Si damu, mama. Ni rangi ya kucha, inauzwa dukani Mpwapwa."

"Kama ni rangi, jipake."

Siku zile sikuwa nasali, wanawake wenzangu mnanielewa, kwa hiyo udhu haukunisumbua. Kilichonijia ni kingine. Wakiniua hapa, nitaoshwaje na rangi hii? Nani huku atajua kwamba inabidi ikwanguliwe kwanza? Jamani, hofu ina akili zake. Nikapaka kidole kidogo. Nusu ya rangi ikaenda kwenye ngozi. Nikakinyanyua kidole wote wakione. Tulingoja. Sijui tulikuwa tunangoja nini.

Mama Ndahani akanyoosha mkono. Nikadhani anataka chupa aivunje. Akakitoa kidole chake kidogo, kigumu, kimepasuka kwa jembe.

"Mama!" Ndahani akapiga kelele.

"Nyamaza. Mpake huyu bibi," akaniambia, akijisema mwenyewe. "Kama kuna jambo, lije kwetu wote wawili."

Nikampaka. Kwake rangi yote ilikaa kwenye ukucha.

Hapo ndipo Dada Upendo akauliza polepole, kama mtu anayekanyaga miiba, "Mama, naomba kuuliza. Wiki hii kuna kitu mmekiteremsha kutoka malisho ya juu?"

"Kitu gani? Juu kuna ng'ombe wangu tu."

Yohana akaingilia. "Mama, na samadi ya bustani yako ya maharage unaitoa wapi?"

Mama Ndahani akamwangalia mwanawe. Ndahani akaiangalia fimbo yake.

"Juzi," mwanawe akasema, "punda aliteremsha viroba vinne. Nilivimwaga hapa zizini kwanza."

"Mavi makavu au mabichi?" Dada Upendo akauliza.

"Yote."

Mzee mmoja wa pembeni akapiga paja lake. "Basi mchawi ni punda!"

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa cha watu waliokuwa wanaogopa kama sisi. Hata Ndahani alicheka, akaumwagia moto maji. Mama yake peke yake ndiye hakucheka. Alilifunika kopo, akaliweka tena miguuni.

"Hili linabaki hapa," akasema, "mpaka ndama asimame."

Asubuhi ya mwisho

Sikula. Dada Upendo alikuwa amefunga mizigo, kwa sababu wote tulijua: ndama akifa, utani wa punda umekwisha, na kidole changu chekundu kinaonekana mpaka ng'ambo ya bonde. Tuliketi mlangoni tukitazama njia. Jua lilipopata nguvu tukaona mtu anapanda. Mmoja. Nikatafuta fimbo mkononi mwake, sikuiona. Alikuwa Mama Ndahani, ana kopo, anapumzika kila baada ya hatua chache.

Nilikwenda kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Ndama amekufa."

Nikasema pole, nikaanza kulia, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya yale macho yake na nzi.

"Tumempasua," akaendelea. "Tumbo limejaa nyuzi za kiroba. Alikitafuna kiroba cha samadi, mwanangu alikiacha wazi." Akanishika mkono ule wenye rangi. "Nimekuja mwenyewe kukwambia, usije ukasikia kwa watu ukakimbia."

Akanipa kopo. Nikalifungua. Wote sita walikuwa hai, wamezama kwenye mavi mabichi.

"Niliwatilia chakula," akasema, kama anayeona haya. "Sikujua wanakula saa ngapi."

Tuliwarudisha juu siku ileile. Nilitaka niwabebe mimi, na kopo lilihitaji mikono yote miwili, kwa hiyo ule mgongo wa mlima niliupita bila kumshika Yohana. Niliogopa kila hatua. Dada Upendo aliandika kwenye daftari: nyekundu sita, wameshuka kwa punda. Akasema hajui mwalimu wake atalipokeaje, lakini ndivyo ilivyo, na kwamba sasa ana swali jipya la kuuliza, kuhusu viroba vya watu.

Leo Bibi amenikwangua kucha kwa wembe. Imebaki alama ndogo pembeni, kama punje ya uwele. Jana Yohana alinipigia simu, nikamuuliza habari za rangi ya Mama Ndahani. Akasema bado ipo, mwanawe amemwomba aiondoe, amekataa. Anasema ataikwangua siku nitakayopita mbele ya zizi lake.